Nyongeza ya Mshahara Bila Fulana ya Chama

Ndugu mtumishi wa halmashauri usiye mwanachama, kwanza hongera kwa msimamo wako. Ulipoajiriwa uliletewa fomu ya chama cha wafanyakazi, ukaisukumia kwenye droo chini ya bahasha za kaki, ukasema utafikiria. Mwaka wa sita huu unafikiria. Mwongozo huu ni wako.

Anza kwa kuhakikisha kama kweli uko nje ya chama. Fungua salari slipu ya mwezi uliopita, ushuke hadi kwenye makato. Chini ya kodi ya PAYE, pensheni ya PSSSF, bima na Bodi ya Mikopo, kuna mstari mmoja wenye jina la chama. Usipige kelele, watu wanafanya kazi. Hiyo ni ada ya uwakala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimlazimishi mtu kujiunga, hata kidogo. Inakiruhusu tu chama kinachotambuliwa pale kazini kikubaliane na mwajiri ili nawe ukatwe, maana kikiwatetea wao umetetewa na wewe. Tena sheria ina huruma: asiye mwanachama asikatwe zaidi ya mwanachama. Kwa hiyo tofauti yako na mwenzako ni kwamba Mei Mosi yeye anavaa fulana na kofia, na wewe unaandamana na shati lako la Ijumaa.

Sasa tuje kwenye nyongeza yenyewe. Usiiombe. Ukiingia kwa Mkurugenzi ukamweleza kwamba unafanya kazi ya watu watatu, atakusikiliza vizuri, atakusifu, kisha atakukabidhi na ya mtu wa nne. Mshahara wako haupangi yeye. Upo kwenye ngazi ya herufi na namba iliyopangwa mbali na ofisi yake, na yeye mwenyewe Mei Mosi anakaa jukwaa kuu akisubiri kama wewe, ila yeye yuko kivulini.

Kinachobaki ni kusubiri, na kusubiri kuna ufundi. Mei Mosi ya 2022 kule Dodoma tuliambiwa jambo letu, yaani nyongeza, lipo. Wiki mbili baadaye likatoka: asilimia 23.3. Ofisini kwetu Jumatatu iliyofuata hakuna aliyepitisha dokezo. Kila simu ilikuwa kikokotoo. Mwenzangu mmoja alizidisha mshahara wake kwa 23.3, akatoka mchana, akaenda kwa fundi seremala kuweka kianzio cha makochi ya umbo la L. Hakusikiliza taarifa hadi mwisho. Asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 300,000 kwenda 370,000. Ukipanda ngazi, yenyewe inashuka. Julai ilipofika na slipu zikafunguka, jamaa alirudi kwa fundi na kumwomba, kwa heshima zote, ile L iwe I.

Kwa hiyo jifunze hesabu. Tuseme unalipwa 700,000 hivi na umeongezwa 20,000. PSSSF itachukua asilimia 5, yaani 1,000. Kodi inakula asilimia 20 ya hiyo 19,000 iliyobaki, nayo ni 3,800. Bima 600. Bodi ya Mikopo, asilimia 15, ni 3,000, maana ulisoma kwa hela ya watu. Uwakala, tukiuweka asilimia 2, ni 400. Mkononi unabaki na 11,200. Ukishaijua namba hiyo mapema, hutakuja kudhalilika mbele ya seremala.

Tatizo ni kwamba mwenye nyumba hana slipu yako, ana redio. Mwaka 2025, Singida, ilipotangazwa asilimia 35.1 na kima cha chini kupelekwa 500,000, nyongeza ilikuwa ianze Julai. Wa kwangu alibisha hodi siku iyo hiyo jioni, Mei Mosi, akiwa na tabasamu. “Mwalimu, hongereni.” Mimi si mwalimu, na yeye anajua. Kwake yeyote anayelipwa na serikali ni mwalimu.

Njia nyingine ni kupanda daraja. Zamani tulijaza fomu za OPRAS za kupima utendaji. Siku hizi unajaza PEPMIS, unaandika ulichofanya, na mkubwa wako anathibitisha, akikumbuka nywila yake. Wakikuruka mwaka wako wa kupanda, usikate tamaa, kuna mserereko wa kukufikisha kwenye daraja ulilostahili. Neno zuri sana hilo. Mahali pengine duniani mtu huserereka akishuka. Utumishini kwetu tunaserereka kwenda juu. Ukienda kuulizia, Afisa Utumishi atakwambia, “Vumilia ndugu, jina lako lipo kwenye mfumo.” Usimuulize mfumo uko wapi.

Lakini kuna mmoja hapa ofisini ambaye mwongozo huu haumfai, na haki ni kumtaja. Ni binti wa ushuru wa sokoni, mwenye mashine ya POS shingoni. Yuko kwa mkataba, analipwa na mapato ya ndani. Kwenye ngazi za herufi hayumo. Kwenye chama hayumo, na uwakala hakatwi. Sisi wengine tunajiita wasio na chama. Wa kweli ni huyu. Mei Mosi ikitangazwa nyongeza, anapiga makofi kama jirani kwenye harusi.

Yeye nyongeza yake inategemea halmashauri kukusanya zaidi, na anayekusanya ni yeye. Nilimshauri, kwa kejeli ya mtu mwenye ajira ya kudumu, akaze buti. Akaniangalia huku akichapa risiti ya mama wa nyanya.

“Kaka, mwaka jana nilikaza. Nilivuka lengo.”

“Wakakuongeza?”

“Eeh,” akasema, akachana risiti. “Waliongeza lengo.”