Shangazi Anajibu: Mume, Deki na Sehemu ya Pili

Shangazi, shikamoo. Mume wangu ameuza gunia la vitunguu saumu, akarudi na deki kuukuu na sidii ya "Oprah". Anaitazama usiku peke yake. Ni burudani, au anachukua mafunzo?
Mwenye Wivu, Dongobesh

Marahaba, mwanangu. Kwanza hesabu magunia yaliyobaki. Hiyo ni filamu ya 2008: Steven Kanumba, Vincent Kigosi na Irene Uwoya, watu watatu ndani ya penzi la wawili. Kanumba alifariki Aprili 2012, na tangu hapo wapo wanaozitunza sidii zake kama picha za marehemu wa nyumbani. Anayetaka kujifunza kuchepuka hahitaji deki, simu inatosha. Basi keti utazame naye. Palipoliza watu mwaka ule, leo mtacheka. Atakayeshindwa kucheka ndiye wa kuulizwa maswali.

Shangazi, mnadani Katesh nimebadilishana mbuzi na sidii hiyohiyo. Muuzaji ameapa ni orijino ya mwaka uleule, na stempu ya kodi ya TRA inaonekana. Nikiipeleka Arusha, nitaibadilisha na ng'ombe?
Mkusanyaji, Hanang

Mwanangu, stempu hizo zilianza kubandikwa kwenye sidii za filamu na muziki 2013. Kwa hiyo yako inaweza kuwa halali kabisa, lakini stempu haithibitishi kwamba ni ya 2008. Inaonyesha iliingia sokoni, au ilikuwa bado dukani, miaka mitano au zaidi baadaye. Tena sidii hupata mnunuzi siku akitokea mpenzi wake. Mbuzi hupata mnunuzi kila mnada. Ng'ombe msahau, mtafute mbuzi.

Shangazi, nami nina filamu ya zamani ya usaliti, ila Sehemu ya Kwanza tu. Ya Pili iliazimwa na jirani. Kila Jumamosi mke wangu huenda kuifuata, anarudi jioni mikono mitupu. Nifanyeje?
Mvumilivu, Haydom

Pole, baba. Filamu nyingi za Bongo za enzi hizo ziliuzwa vipande viwili ili ulipe mara mbili: kosa kwenye cha kwanza, malipo yake kwenye cha pili. Kipande kimoja kikiazimwa, hakirudi. Jumamosi hii nenda mwenyewe. Ukiambiwa deki ya jirani iliharibika tangu mwaka juzi, usiitafute tena Sehemu ya Pili. Umeshaingia ndani yake.