Muulize Mzee Nati: Redio ya Marehemu

*Mzee Nati, shikamoo. Nimerithi Peugeot 404 ya marehemu baba, na bado ina redio yake ya zamani. Nikiiwasha inakoroma tu. Fundi anasema tuing'oe tuweke ya skrini, ila itabidi akate dashibodi "kidogo". Nimruhusu?*
*Mrithi, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Mnyang'anye fundi msumeno kwanza, ndipo tuzungumze. "Kidogo" ya fundi haina kipimo. Redio za kisasa hutengenezewa tundu la milimita 180 kwa 50, na hizo za skrini mara nyingi hutaka kimo mara mbili ya hapo. Redio za enzi za baba yako zilitokeza vijiti viwili tu, kimoja cha sauti na kingine cha stesheni, na katikati kidirisha chembamba cha mshale. Kinachobaki kati ya tundu lile na hili ni bati la dashibodi. Ukilikuta jingine kwa wauza vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, nipigie simu, maana na mimi nalitafuta.

Halafu huko kukoroma huenda si ugonjwa. Redio nyingi za umri huo hupokea masafa ya kati, na stesheni zako nyingi zimeshahamia FM. Mzee wa watu anaita, hakuna wa kumwitikia.

Ukishikilia kuitoa, itoe kwa adabu. Fungua waya hasi wa betri. Vuta vile vidude viwili vya kuzungushia. Vikigoma, chungulia ubavuni kama kuna kiskrubu, wala usivivute kwa koleo. Nyuma yake utakuta nati mbili nyembamba. Zikishatoka, lala chali, kichwa kwenye pedeli, ukitafute kile kibati kinachoshika mgongo wa redio. Hicho ndicho wengi hukisahau, wakavuta kwa nguvu za ugali mpaka dashibodi ikapinda. Chomoa plagi ya antena, waya wa moto wenye fyuzi yake, na nyaya za spika, kila mmoja uubandike plasta yenye jina. Na usiiwashe mezani bila spika: transista za zamani nyingine huungua hapo hapo.

Ushauri wangu hasa? Iache mahali pake. Mpe fundi redio (fundi redio, si huyo wa msumeno) akufichie kifaa cha Bluetooth humo humo ndani, au uweke redio mpya ndani ya kisanduku cha dashibodi, kifuniko kikifungwa haionekani. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally mwaka 1966 akarudia 1967, akiendesha 404, na hakuna skrini iliyomwonyesha njia.

*Mzee Nati, mume wangu ameng'oa redio ya Volkswagen yetu ya 1963 "aisafishe". Tangu mfungo wa Ramadhani iko juu ya meza ya chakula. Tunafuturu tukiizunguka. Sasa mdogo wake anataka kuijaribu kwa betri ya bodaboda.*
*Nimechoka, Moshi*

Shemeji, simama katikati ya shemeji yako na hiyo betri. Volkswagen nyingi za miaka hiyo zilitumia volti 6. Betri ya bodaboda ni volti 12. Kitakachotoka humo ni moshi, si taarifa ya habari. Hata kwa volti sahihi, kondensa zilizokaa miaka sitini huwa zimekauka, ni vizuri zibadilishwe kabla ya kuonja umeme.

Kuhusu mume: atakwambia anasubiri kipuri kutoka Ujerumani. Muulize amekiagiza lini. Akianza kukuna kichwa, hamishia redio chumbani, upande wake wa kitanda. Wiki haitaisha itakuwa imerudi garini.

*Mzee, mimi ni fundi. Mteja wa Mercedes aliniachia redio yake kuukuu aina ya Becker nilipomwekea mpya. Hajaiulizia. Kuna Mzungu ameiona, anataka kuinunua. Niuze?*
*Fundi Mwaminifu, Arusha*

Hajaiulizia kwa sababu anaamini iko salama kwako. Becker si chuma chakavu. Ile Becker Mexico ya mwaka 1953 ilikuwa ikitafuta stesheni yenyewe, wakati redio nyingi za nyumbani bado zilizungushwa kwa mkono. Huyo Mzungu anajua anachokitaka, ndiyo maana hakukuuliza bei mara mbili.

Irudishe leo kwa mwenyewe, na vidude vyake vyote viwili. Najua kimoja umeshakifunga kwenye sabufa yako.