Namna ya Kumweka Babu wa Mtu Sebuleni

Nyumba ya Watamu imekwisha. Makuti yamepangwa vizuri, bwawa la kuogelea lina maji ya buluu, na bado wageni wakija wanasifu upepo tu. Upepo hukuununua wewe. Njoo karibu nikunong'oneze: ule ukuta mweupe unataka kigango.

Najua kuna watu wanaokusanya mabango ya zamani ya sinema ya Poland. Wana raha zao. Wapolandi wenyewe waliyafungulia makumbusho pale Wilanów, Warsaw, mwaka 1968, na ukinunua bango mnadani hakuna anayekufuata. Lakini bango halina mjukuu. Wewe ni mtu wa hadhi, unataka kitu chenye wenyewe.

1. Jifunze kidogo, kisha usahau

Kigango ni nguzo ya mti mgumu unaowashinda mchwa, iliyochongwa nakshi za pembetatu, yenye kichwa cha duara au bapa. Wagiriama na jamaa zao wa Kimijikenda humsimamishia mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, mara nyingi baada ya yeye kuwajia watu wake ndotoni, au mji kuandamwa na maradhi yasiyoeleweka. Akishasimamishwa hupewa chakula chake, humiminiwa mnazi, huvishwa vitambaa, huelezwa habari za nyumbani. Asiyekuwa wa Gohu hupata kikoma, kijiti kifupi kisicho na makuu. Usikinunue hicho, hakionekani kutoka mlangoni.

Kuna jambo moja hapa la kukufaa sana. Kigango hakihamishwi. Mji ukihama kutafuta shamba jipya, mzee hubaki palepale alipo, na kule wanakohamia husimamishwa kibao kuwa badala yake. Kwa hiyo utavikuta vigango vimesimama peke yao kichakani, nyasi zimevifika kiunoni. Wenyewe wanajua vilipo. Wewe sema vimetelekezwa. Neno hilo limewalaza usingizi mnono wafanyabiashara wengi kabla yako, halijachakaa.

2. Usiende mwenyewe

Ukishuka Matsangoni kwenye barabara ya Malindi ukauliza ni mzee gani anauza kigango, utapewa kiti, utapewa maji, na hutapewa kigango. Pitia vijana. Mmoja ana deni la pikipiki, mwingine mdogo wake amerudishwa nyumbani kwa karo. Huhitaji kukutana nao. Kijana anamjua dalali, dalali anajua duka la vinyago Mombasa au Malindi, duka linamjua mtu wa kusafirisha makontena, na huyo anawajua watu wa ng'ambo. Kijana atapata hela za kula siku chache. Kwenye nyumba za sanaa Marekani nguzo hiyohiyo inauzwa kwa maelfu ya dola.

Uzuri wa mnyororo huu ni kwamba kila mmoja anamjua wa mbele yake na wa nyuma yake, basi. Kijana akikamatwa ataitwa mwizi. Wewe, umbali wa pete tano, utaitwa mkusanyaji.

3. Futa jina

Hapa usifanye haraka, maana ndipo kazi yenyewe ilipo. Kigango kikiwa ardhini kina jina la mtu. Kina wake, watoto, kesi ya shamba isiyokwisha na wajukuu wanaobishana nani amefanana naye. Kikifika kwenye katalogi ya mnada kinatakiwa kiwe hivi: “Nguzo ya ukumbusho. Mijikenda, Kenya. Mbao na rangi. Karne ya 20. Mali ya mkusanyaji binafsi, Ulaya.” Soma tena. Kila kitu kimo isipokuwa mtu. Huyo “mkusanyaji binafsi” ndiye aliyepewa nafasi yake, naye pia hana jina, usawa ulioje!

Adui yako mkubwa katika hatua hii ni kamera. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru, amesimama na vigango viwili vya ndugu zake. Muda si muda vikaibwa. Mzee akavitafuta, akafariki hajavipata. Mambo yangeishia hapo, kila mtu akaendelea na maisha yake, lakini mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa Afrika, mwenzake Linda Giles akaonyesha picha za vigango alivyovikuta katika mkusanyo wa chuo kikuu huko Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kikaonekana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 familia ikawa imerudishiwa vyote viwili, kukawa na sherehe kubwa.

Hebu ona hasara inayoweza kuletwa na picha moja. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kwa upole: je, kijiji hicho kiliwahi kutembelewa na mama wa Kizungu mwenye daftari? Kikiwa kimetembelewa, chagua kingine.

4. Mnadani

Keti safu za nyuma. Inua kibao chako kivivu, kama mtu anayefukuza nzi. Jiandae kulipa ada ya nyumba ya mnada juu ya bei ya nyundo, nayo si ndogo. Hiyo ndiyo nauli ya kuingia kwenye jamii ya watu wasioulizwa.

Maswali yanayoruhusiwa: mbao ziko hali gani, rangi ni ya asili, kuna ufa? Ile michirizi ya mvua na mnazi waliomiminiwa wazee isifu kwa sauti, iite “uso wenye uhai”. Swali lisiloruhusiwa ni “huyu ni nani?”

Kisha inama uangalie chini. Kigango huchimbiwa ardhini, kwa hiyo ukikuta kitako kimekatwa kwa msumeno, unajua kilivyoondoka, na wengine wenye macho watajua. Tengenezewa kibebeo cha chuma cheusi chenye soketi ndefu. Hugharimu pesa nyingi, lakini hakuna kitu kinachoficha msumeno kwa adabu kama chuma cheusi.

5. Sheria

Ipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ni ya mwaka 2006, na kabla yake ilikuwepo nyingine ya mambo ya kale. Wewe sema kilitoka “zamani”. Zamani haina tarehe.

6. Kuishi naye

Mweke mbali na jua la dirishani. Mtu aliyesimama miongo kadhaa kwenye mvua ya masika sasa anahitaji kiyoyozi. Ndivyo wataalamu wanavyosema. Usimpe chakula, utaita siafu. Mnazi usimwage, sakafu yako ni ya marumaru.

Ukianza kumuota mzee usiyemjua, amekaa kwenye kochi lako anauliza matatu ya Matsangoni inapita saa ngapi, punguza pilipili usiku. Ndoto ikirudi, mbadilishie chumba. Mke wako akiota ndoto hiyohiyo nenda hatua ya saba.

7. Toka kwa heshima

Usimrudishe kijijini. Kufanya hivyo ni kukiri. Mpeleke makumbusho. Kwa sheria za kodi za Marekani, anayetoa sanaa kwa makumbusho anaweza kupunguziwa kodi kwa kuzingatia thamani iliyokadiriwa, yaani unamwondoa mzee sebuleni na serikali inakushukuru. Makumbusho ya Mazingira na Sayansi ya Denver yalipokea vigango 30 mwaka 1990, na miongoni mwa waliotoa walikuwemo watu wa Hollywood.

Baadaye makumbusho yataona haya, hiyo ni kawaida yao. Denver walitangaza mwaka 2014 kwamba watavirudisha; vikafika Kenya mwaka 2019. Katikati hapo pana barua, kamati, na swali gumu la kumkabidhi nani vigango 30 visivyo na majina. Ukumbuke hatua ya tatu: tuliifanya vizuri mno, sasa hata anayetaka kurudisha hajui abishe hodi mlango gani.

Siku ya kurudisha, hudhuria. Vaa shati la kitenge, simama pembeni ya wazee, toa machozi kiasi. Na kama forodha ya Nairobi itadai ushuru wa kuingiza wazee wa Kigiriama nchini kwao, kama walivyowahi kudai kwa shehena nyingine iliyokwama pale uwanja wa ndege, usitoe hata senti. Hayo ni mambo ya serikali kwa serikali. Wewe ulishapigwa picha.