Fundi, Kaunta Buku na Mvua

Nyumba yangu ya Mandewa, hapa Singida mjini, ina kila kitu isipokuwa paa. Msingi upo, kuta zimefika kwenye lenta, na sebuleni pameota alizeti. Sikuipanda. Nadhani mbegu zilimdondoka fundi siku alipopita kuniaga anakwenda kulima.

Tulikubaliana Septemba, barazani kwangu, birika la chai katikati. "Hii wiki sita tu, mzee wangu." Akataja hela ya ufundi, nikaguna, akapunguza, tukashikana mikono. Nilipogusa kalamu, akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Mzee, mimi na wewe ni wa kuandikiana?"

Nikaona haya. Kalamu nikairudisha mfukoni, nikatoa pochi.

Desemba mvua ikashika. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na usipopanda nayo utakula maelezo. Mwiko, timazi, saidia fundi na fundi mwenyewe vyote vikahamia shamba. Kila nikimpigia ananijibu, "Niko njiani, mzee." Nyuma ya sauti yake ng'ombe analia. Sijui ni njia gani hiyo yenye zizi.

Mpwa wangu anayesomea sheria alipokuja likizo, nikamlalamikia kwamba sina mkataba.

"Unao, mjomba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo. Inachotaka ni watu wenye sifa, ridhaa huru, malipo halali na shughuli halali."

Tukahesabu. Umri wa miaka 18: fundi ana wajukuu. Akili timamu: nilisema ninayo, mama watoto akakohoa. Ridhaa huru: hakuna aliyenikaba, ingawa lile neno la "mimi na wewe" lilikuwa kabali tosha.

"Shida yako ni ushahidi," akaendelea. "Wewe utasema wiki sita, yeye atasema miezi sita, na shahidi wenu ni birika. Tena makubaliano ambayo maana yake haina uhakika ni batili."

Nikamuuliza kama "nakuja wiki ijayo" ina maana ya uhakika. Akacheka mpaka akapaliwa. Akaniambia sheria inanipa miaka 6 ya kumshtaki kwa kuvunja mkataba. Nikafarijika. Kwa mwendo wa fundi wangu, wakati huo tutakuwa tunapiga plasta.

Kijana hakuishia hapo. Kibali cha ujenzi cha halmashauri? Hicho ninacho, nimekilaminisha; ile X nyekundu nimeiona kwenye kuta za watu na sitaki inisalimie asubuhi. Fundi amesajiliwa? Maana sheria ya mwaka 1997 iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi haimruhusu asiyesajiliwa kufanya biashara ya ukandarasi. Nikamjibu kwamba amesajiliwa kwenye simu yangu, kwa jina la "Fundi Usimpe Hela". Mkataba wa maandishi nao, akasema, ulipiwe ushuru wa stempu, la sivyo siku ya kesi unaweza kukataliwa usipokewe kama ushahidi. Nilikuwa nimechelewa hatua tatu, kama jengo langu.

Mei fundi akatokea, jogoo kwapani. "Shikamoo mzee. Mavuno yamekuwa mazuri." Jogoo wa Singida humfukuzi mlangoni. Tulimla kwanza, hasira nikaziahirisha.

Baada ya kunawa nikafungua kaunta buku. Nikasoma kwa sauti ya hakimu: majina ya pande mbili, kazi yenyewe, hela ya ufundi kwa hatua, yaani ya kenchi na bati ikiisha kenchi na bati, kazi mbovu irudiwe kwa gharama yake, mashahidi wawili. Nilitegemea atanitazama tena lile jicho la kutukaniwa mama.

"Sawa kabisa," akasema. "Na ya kwangu muyaandike."

Akatoa kidaftari mfuko wa nyuma, kimekakamaa kwa saruji iliyokauka. Akalowesha kidole, akafunua. Oktoba, saruji imechelewa siku 11, mafundi wamekaa. Dirisha la jikoni limehamishwa mara 2. Chumba cha mama mkwe kimeongezwa msingi ukiwa umeshajengwa, hela ya ufundi haikuongezwa. Kila jambo na tarehe yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Kumbe aliyekataa kuandikiana alikuwa anaandika peke yake!

Nikamgeukia mama watoto anitetee. "La dirisha ni kweli," akasema. "La saruji pia. Hela uliipeleka kwenye vitunguu." Huyo ndiye shahidi niliyemchagua mwenyewe.

Mpwa akaandika: tajiri vifaa avilete kwa wakati, na akibadili ramani alipie. Kalamu ikaanza kuwa nzito mkononi mwangu. Nilitaka karatasi ya kumfunga fundi, sasa nayaona mafundo mawili, na moja liko kwenye kifundo changu.

Ikabaki tarehe ya mwisho. Hapo nikasema simwachii mtu, nikaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: KAZI ITAKAMILIKA KABLA YA MVUA.

Fundi akaisoma polepole, akakuna kidevu.

"Mzee wangu, tusije tukaandika jambo lisilo na uhakika. Mvua ya mwaka gani?"