Sifa za Kibali Kisichofungua Mlango

Wengine na wamsifie sato wa Ziwa Victoria. Mimi, mkazi wa Butimba, nakisifu kibali cha kompyuta, kile ambacho programu ya Java hujiundia ili ijue nani afungue faili gani.

Ukubwa wake mstari mmoja: jina la folda, kisha haki, kusoma au kuandika. Hakifungui mlango, hakifungi. Ukikiuliza kama jambo fulani limo ndani yake, hujibu ndiyo au hapana, basi. Sisi tunaopishana kila siku na geti la Gereza Kuu na la Chuo cha Ualimu tunaijua thamani ya ruhusa. Lakini ruhusa ya karatasi hukwanguliwa kwa wembe. Hiki kikishaundwa hakibadiliki. Hakina shemeji, wala hakiombi hela ya soda.

Waungwana waliandika vibali vyao kwa mkono kwenye faili la sera. Mimi niliona huo ni ushamba. Nikaitengenezea shule moja mfumo wa alama, kila mtumishi akisajiliwa programu imchongee kibali chake. Sasa, ukiweka nyota baada ya jina la folda, umeruhusu faili za humo tu: mgeni anaishia sebuleni. Ukiweka kistari, umeruhusu na folda zote za ndani: mgeni yuko chumbani kwa mama, anafunua godoro. Usiku ule umeme ulikuwa ukikatika-katika, kidole kikaangukia kistari. Kulipokucha, karani wa alama akawa ameshasoma mishahara yote, hadi wa mkuu.

Chai ya saa nne ilinywewa kimya. Nikaitwa.

"Kijana, nani kamruhusu huyu?"

"Kistari, Mwalimu."

"Kistari cha nani?"

Sikujibu. Kibali changu nacho hakikujitetea, na hapo ndipo nilipozidi kukipenda: kilitii nilichoandika, nilichokusudia hakikuwa na habari nacho.

Mlinzi wa Java aliyekuwa akivikagua vibali hivi, aliyeanza kuviamini tangu toleo la 1998, aliambiwa ajiandae kuondoka mwaka 2021. Machi 2025, Java 24 ikamzima kabisa. Vibali havikuondoka naye. Kwa hiyo ukipita Butimba ukamkuta mtu anachonga vibali ambavyo mlinzi wake ameshastaafu, msalimie tu upite, yuko kazini.