Sifa za Makabrasha ya Mufilisi

Wahenga waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, walimwacha mkopaji palepale matangani bila kueleza nani ataandika orodha ya mali iliyobaki. Upungufu huo umezibwa vizuri nchini Marekani, ambako mtu wa kawaida aliyelemewa na madeni anaweza kuiomba mahakama ya shirikisho imfutie madeni hayo chini ya Sura ya 7 ya Sheria ya Ufilisi ya 1978, na ambako ombi lake halipokelewi kwa machozi wala kwa maelezo ya mdomo bali kwa rundo la fomu zenye namba. Fomu hizo zimesemwa vibaya mno na waliozijaza, na ni haki sasa nazo zipate mtetezi.

Sifa yake kuu ni usikivu. Alipokuwa akikopa, mufilisi, yaani mtu aliyeishiwa asiweze tena kulipa anachodaiwa, mara nyingi aliulizwa maswali machache na majibu yake yakakubaliwa upesi. Anapotaka kuachana na mikopo ndipo anapopata msikilizaji wa kweli. Fomu 101 hutaka majina yote aliyotumia kwa miaka 8 iliyopita. Fomu 107, ambayo ni taarifa ya mwenendo wake wa kifedha, huuliza alikoishi kwa miaka 3, zawadi zozote zilizozidi dola 600 kwa mtu mmoja katika miaka 2, na hasara alizopata katika mwaka mmoja kwa wizi, moto au kamari, mambo matatu yanayokaa katika swali moja kama ndugu wa tumbo moja. Fomu 106A/B, yaani orodha ya mali, huingia hadi chumbani: inataka samani, televisheni na simu, vifaa vya michezo, bunduki, nguo, vito, kisha mbwa, paka, ndege na farasi, na haiishii hapo mpaka ihesabu fedha taslimu zilizomo ndani ya pochi siku ombi linapowasilishwa. Mbele ya kila kitu pana nafasi ya kuandika thamani yake ya sasa, wala si bei kilichonunuliwa, na hivyo mtu aliyeishi na paka wake kwa miaka mingi bila kuwaza habari za soko hulazimika hatimaye kumkadiria kwa dola. Baada ya hapo huja Fomu 106C, inayoorodhesha mali iliyokingwa, yaani ile ambayo sheria inamruhusu mdaiwa abaki nayo, na kila kitu kinachodaiwa kinga lazima kiandikiwe sheria inayokikinga. Kwa njia hiyo suruali ya mufilisi hupata kifungu chake, heshima ambayo suruali ya tajiri haijawahi kuionja.

Fomu 122A-1 nayo inastahili kusifiwa na wanafalsafa, kwa kuwa imetatua tatizo la wakati. Inapouliza kipato cha sasa cha mwezi, neno sasa lina maana ya wastani wa miezi 6 kamili iliyotangulia mwezi wa kuwasilisha ombi, na kwa sababu hiyo mtu aliyefukuzwa kazi juzi hurudishiwa mshahara wake kwenye karatasi, jambo ambalo mwajiri wake hakulifikiria. Wastani huo hulinganishwa na kipato cha kati cha jimbo lake kwa kaya yenye watu idadi ileile, yaani kiwango ambacho nusu ya kaya ziko juu yake na nusu ziko chini. Akionekana amekizidi, hukabidhiwa fomu nyingine ndefu zaidi, 122A-2, ili aeleze kwa nini umaskini wake haujatimia.

Elimu pia haikusahauliwa. Tangu marekebisho ya 2005, mwombaji lazima apate ushauri wa madeni kutoka shirika lililoidhinishwa ndani ya siku 180 kabla ya kuwasilisha ombi, kisha asome kozi ya kusimamia fedha kabla madeni hayajafutwa, na kwa kawaida masomo yote mawili hulipiwa na mtu ambaye fedha za kusimamia ndizo hana.

Methali husema dawa ya deni ni kulipa, lakini makabrasha haya yameleta dawa ya pili, tena bila mzaha: mara tu ombi linapowasilishwa, kabla jaji hajalisoma hata ukurasa mmoja, huanza zuio la papo hapo, ambalo huwakataza wadai walio wengi kupiga simu za kudai, kufungua kesi au kuukata mshahara wa mdaiwa. Kwa hili pekee karatasi zimefanya kile ambacho kusihi kwa miezi mingi hakukuweza. Hazifanyi miujiza, maana matunzo ya watoto na kodi nyingi za karibuni hubaki vilevile, na anayedanganya ndani yake anaonywa kwenye fomu zenyewe kuhusu faini ya hadi dola 250,000 au kifungo cha hadi miaka 20. Mwezi mmoja hivi baadaye mwombaji huhojiwa chini ya kiapo na mfilisi, yaani msimamizi aliyeteuliwa kukusanya na kuuza mali isiyokingwa, katika kikao kinachoitwa mkutano wa wadai, ambacho wadai mara nyingi hawakihudhurii.

Ubahili hauna nafasi katika utaratibu huu, kwani ada ya kuthibitisha kwamba mtu hana fedha ni dola 338. Asiyeweza kuitoa kwa mkupuo huomba kuilipa kwa awamu zisizozidi 4 kwa kujaza Fomu 103A, na hivyo anaanza deni jipya mahakamani siku ileile anapoomba ya zamani yafutwe. Na yule ambaye kipato chake kiko chini ya asilimia 150 ya mstari wa umaskini, tena hawezi hata hizo awamu, anaweza kuomba asamehewe ada yote kwa Fomu 103B, ambayo humuuliza upya kipato chake, matumizi yake na mali yake.