Usiku wa Kifo cha Noti ya Mia Tano

Simu ya Mama Mdogo ilirudi kutoka kibanda cha kuchajia ikiwa na betri iliyojaa na habari ya msiba. Marehemu alikuwa noti ya franka mia tano.

Ilikuwa sauti ya mwanamume anayejiamini, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili cha Lubumbashi. Alisema Benki Kuu ya Kongo imeamua: kuanzia saa sita usiku, noti zote za mia tano, zile zenye picha ya wachimba almasi, zitakuwa karatasi ya kufungia karanga. Mwenye nazo azitumie leo. Mwenye ndugu amtumie ujumbe huu.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Kambo, mama mzaa baba, alikuwa anatwanga sombe. Aliacha mchi ndani ya kinu, akaingia chumbani bila kusema neno, na tukasikia kitanda kikiburutwa.

Mimi nasoma mawasiliano chuoni Kalemie, na nilikuwa nimerudi Nyunzu kwa likizo. Darasani tulikuwa tumefundishwa kuipima habari: nani kasema, kasema lini, kaipata wapi, na wengine wanasemaje. Nikaomba simu. Juu ya ujumbe nikaona ile mishale miwili inayoonyesha kwamba umesambazwa mara nyingi mno. Nikawaonyesha wote ushahidi wangu. Baba Mdogo akaitazama mishale, akatikisa kichwa kwa heshima. "Kama ni wengi hivyo walioituma," akasema, "basi ni kweli."

WhatsApp walidhani wameliziba tundu hili. Tangu Januari 2019 ujumbe hauwezi kupelekwa kwa mazungumzo zaidi ya matano kwa mkupuo mmoja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kuzunguka sana unapelekwa kwa mazungumzo mamoja tu. Hesabu hiyo ni ya simu, na habari ya Nyunzu inapita kwa masikio. Kwenye kibanda cha sola, simu zimelala juu ya ubao na nyaya zao, moja inafunguliwa spika, na hapo wanapokea wote: wenye simu na wasio na simu, wauza mihogo, vijana wa pikipiki, na abiria wanaongoja treni ya kutoka Kabalo, ambayo ikijaliwa itafika kesho. Hao hakuna mshale unaowahesabu.

Kambo akatoka na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na fedha ya mafuta ya mawese ya msimu mzima, karibu yote kwa noti za mia tano. Akatugawia kazi kama jemadari. Mama Mdogo: chumvi na sabuni. Baba Mdogo: chochote chenye miguu au magurudumu. Mimi, kwa kuwa nimesoma, nibebe.

Duka la kwanza lilikuwa limekwisha pata habari, na mwenyewe alizikataa noti zetu hata kabla hatujasalimiana. Mwenye la pili alizipokea zote. Bei ya chumvi ilikuwa imepanda tangu mchana, lakini mwenye duka alizihesabu noti kwa upole, akazipanga kwa kichwa kimoja, akatabasamu. Mama Mdogo akanivuta mkono. "Huyu anacheka nini? Mtu akipewa karatasi hucheka?" Mama Mdogo aliacha shule akiwa mdogo sana, na kati ya maswali yote yaliyoulizwa usiku ule hilo ndilo lililokuwa na akili. Lilikuja wakati Kambo amekwisha lipa, na gunia liko mgongoni kwangu.

Baba Mdogo alirudi gizani na bata, kikwembe kimoja, na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Alieleza kwamba muuzaji alimpunguzia bei kwa sababu ya gurudumu, na kwamba bata walikuwa wa mwisho. Bata wenyewe walifunguka kamba jikoni. Mmoja akapanda juu ya kinu, mwingine akaingia kwenye sufuria ya bukari, watoto wakapiga kelele za furaha, na Kambo, ambaye hakuwa akicheka hata kidogo, akauliza kimebaki nini kwenye kopo.

Nikaenda kutafuta mtandao upande wa reli, ambako hushika kidogo. Sikukuta tangazo lolote. Lakini hili ndilo jambo ambalo daftari langu halikuwa nalo: unamwonyeshaje mtu kitu ambacho hakipo? Nikarudi nikawasha redio. Radio Okapi ilianza mwaka 2002, vita vikiwa havijaisha, na kwetu neno lake ni zito. Habari za Kiswahili zikasomwa zote. Noti haikutajwa.

"Kambo, umesikia? Redio haijasema kitu."

"Na wakati wa Mobutu," akasema, "nani alisema? Si redio?"

Tulinyamaza, kwa kuwa Baba Mdogo alikuwa anakijua kisa hicho na mimi nilikuwa nakijua nusu. Wiki ya Noeli 1979, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire tano na zaire kumi zimekufa. Mtu aliruhusiwa kubadilisha kiasi kilichopangwa tu, kwa siku chache tu, na mipaka ya nchi ikafungwa. Wa mjini walipanga mstari. Wa vijijini, walioweka akiba chini ya kitanda kwa sababu benki iko mbali, habari iliwafikia pamoja na mwisho wa muda. Kambo alikuwa binti aliyeolewa karibuni, na alibaki na noti nzuri, ngumu, zisizonunua hata kiberiti. Baadaye akaiona zaire mpya ya 1993, moja kwa milioni tatu za zamani, na mwaka 1998 franka, moja kwa zaire mpya laki moja.

Tangazo la 1979 lingefaulu kila mtihani tuliopewa darasani. Msemaji alijulikana, tarehe ilijulikana, vyombo vyote vilisema jambo lile lile. Na mwaka 2015, katika vita vya Waluba na Watwa, neno la "wanakuja" lilipita hapa bila chanzo wala jina, na aliyesimama kuuliza alikuwa anapoteza muda wa kukimbia. Huwa nasikia watu wa mjini wakisema wazee wanaamini uongo kwa kuwa hawakusoma. Naona hawajawahi kuwauliza wazee ukweli uliwafanyia nini.

Asubuhi soko lilipokea mia tano kama kawaida. Yule mwenye duka alikuwa tayari kuirudisha chumvi kwa nusu ya bei. Kambo alimjibu kwa Kiluba maneno ambayo sitayaandika. Sasa anaiuza kwa glasi mbele ya nyumba, anapokea mia tano za watu, na kila jioni anazigeuza mawese. Mama Mdogo alimshauri aweke fedha kwenye simu. Kambo akamwuliza kama amesahau mwisho wa 2018, baada ya kupiga kura, serikali ilipoikata intaneti na kuirudisha karibu wiki tatu baadaye. Mama Mdogo hakuendelea.

Baiskeli bado inangoja gurudumu. Baba Mdogo amesikia, kwenye simu ya mtu, kwamba Kabalo magurudumu yanauzwa kwa bei ya bure.